Jani Moja, Mche Mzima: Kweli na Si Kweli Kuhusu Seli

Dirishani pangu hapa Lushoto pana glasi ya maji, na ndani yake limesimama jani moja la ua la Usambara. Nililikata kwa wembe wiki saba zilizopita, nikaacha kikonyo chake na urefu wa kidole gumba. Wiki mbili za kwanza halikuonyesha lolote. Wiki ya nne, pale kwenye kidonda cha kikonyo, ikatoka mizizi myeupe, myembamba kama nyuzi za pamba. Leo asubuhi nimelinyanyua taratibu nikaona vijani viwili vyenye manyoya, kila kimoja hakizidi punje ya mtama.

Jirani yangu, mama mwenye shamba la karoti kule bondeni, aliliona akaniuliza: "Mwalimu, hilo jani si lilishakufa?"

Swali lake ndilo lililonikalisha chini kuandika. Katika miaka yote niliyofundisha baiolojia nimesikia mengi kuhusu seli na jinsi zinavyogawanyika. Mengine nimeyasikia darasani, mengine sokoni, mengine msibani. Baadhi hayana madhara. Mengine yamevunja ndoa za watu na kuwacheleweshea wagonjwa matibabu. Nitayataja moja baada ya jingine, na kila moja nitalipa hukumu yake.

Jani likishakatwa limekufa. SI KWELI.

Jani lililokatwa limetengwa na mama yake, lakini seli zake bado zinapumua. Seli ni chumba kidogo kilicho hai. Ina utando unaochagua kipi kiingie na kipi kitoke, ina ute ambamo kazi nyingi hufanyika, na ina kiini kinachotunza vinasaba, yaani maelekezo ya kujenga kiumbe. Wengi hudhani seli ya jani inabeba maelekezo ya jani peke yake. Sivyo. Inabeba kitabu kizima: mzizi, shina, ua na mbegu. Ila husoma kurasa zinazoihusu tu, nyingine ikaziacha zimefungwa.

Ukikata kikonyo, baadhi ya seli za ngozi yake karibu na kidonda huzifungua zile kurasa na kuanza kugawanyika. Kwanza seli hunakili vinasaba vyake vyote. Ua hili kwa kawaida lina kromosomu 30, na baada ya kunakiliwa kila kromosomu huwa na nakala mbili zilizoshikana, kama kanga pea moja ambayo haijakatwa. Kromosomu hujipanga mstari katikati ya seli. Nyuzi nyembamba mno kutoka pande mbili huzishika, kisha pea zinakatwa: nakala moja inavutwa upande huu, mwenzake upande ule. Zinakuwa 30 huku na 30 kule, bila hata moja kupotea. Mwisho ukuta hujengwa katikati, na pale palipokuwa na seli moja sasa zipo mbili. Ndiyo mitosisi. Rudia mara elfu nyingi, na unapata vile vijani viwili vya dirishani kwangu.

Ua lenyewe ni la milima hii. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa wilaya ya Tanga, aliliona likiota mwambani na kulipeleka kwao Ujerumani. Mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland wa Hannover akalipa jina la kisayansi, Saintpaulia ionantha, kwa heshima ya ukoo wa bwana yule. Wenyeji waliolipita kila siku wakienda kuchota maji hawakutajwa. Leo limejaa madirishani Ulaya na Marekani, na kwa sehemu kubwa limeenezwa kwa njia ileile ya jani na kikonyo. Huku kwetu jamaa zake wa porini wamebaki kwenye miamba yenye kivuli na unyevu, na mmoja wao amepewa jina la eneo la Shume. Kila msitu unapofyekwa, mwamba hukauka kwa jua na maua hayo hutoweka.

Mmea uliotokana na kipande cha mama ni mama yuleyule. KWELI, karibu kabisa.

Mitosisi hunakili, haichanganyi. Kwa hiyo mche wa jani, kipande cha muhogo, jicho la kiazi na chipukizi la mgomba hubeba vinasaba vya mama kama vilivyo.

Ushahidi mkubwa unauona ukishuka kutoka Lushoto kupitia Soni hadi Mombo, kisha ukashika barabara ya Korogwe: mistari ya mkonge hadi macho yachoke. Mkonge si wa asili ya hapa. Mwaka 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, aliagiza vichipukizi 1,000 kutoka Florida, Marekani. Safari ilikuwa ndefu, vingi vikaoza njiani, na vilivyofika Tanga vikiwa hai vilikuwa 62 tu. Mkonge hutoa mbegu kwa nadra sana. Unapokomaa hutoa mti mrefu wa ua, na kwenye matawi ya mti huo huota vichipukizi vidogo kwa mamia, vyote vikiwa zao la mitosisi. Kutokana na mwanzo huo mdogo yakaja mashamba yaliyoifanya Tanganyika kuwa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani, kwa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka katika miaka ya 1960. Mtu akisimama katikati ya shamba la mkonge, anaona mmea mmoja uliojirudia mara maelfu.

Kufanana huko kuna bei yake, na wakulima wa viazi wa Lushoto wanaijua. Ukipanda viazi vya uzao mmoja shamba zima, ugonjwa unaomwangusha mmoja una uwezo wa kuwaangusha wote. Bakteria wa mnyauko akiwa ndani ya kiazi cha mbegu, kisu kinachokata kiazi hicho humhamishia cha pili na cha tatu. Mimea yote ina kinga moja, na ikishindwa imeshindwa kila mahali. Ndiyo maana mabwana shamba wanasisitiza mbegu safi kila msimu.

Nimesema "karibu kabisa" kwa sababu kunakili hukosea mara chache. Pia kuna maua ya Usambara yaliyozalishwa na watunza bustani, yenye mistari ya rangi mbili kwenye kila petali. Hayo ukiyaotesha kwa jani, mistari hupotea. Mmea ule umejengwa na matabaka ya seli zenye vinasaba tofauti kidogo, na mche wa jani hutokana na tabaka moja tu.

Kiumbe chenye kromosomu nyingi ndicho bora zaidi. SI KWELI.

Wewe una kromosomu 46. Kiazi mviringo kina 48. Mkonge una 150.

Ndizi haina mbegu kwa sababu imetengenezwa na wazungu maabara. SI KWELI.

Hili nimelisikia kutoka kwa vijana waliosoma, na linaniuma, kwa sababu Wasambaa walikuwa wakulima hodari wa migomba kabla Mjerumani hajakanyaga milima hii. Migomba yao haikuwa na mbegu tangu enzi hizo.

Mbegu za uzazi, za mmea au za mtu, hazitengenezwi kwa mitosisi. Zina mgawanyiko wake, meiosisi, ambao kazi yake ni kupunguza kromosomu ziwe nusu, ili za baba na za mama zikikutana hesabu irudi palepale. Ili zigawanywe nusu kwa nusu, kromosomu lazima kwanza zikae jozi. Migomba mingi tunayolima ina seti tatu za kromosomu 11, jumla 33, badala ya seti mbili. Chukua viatu 33 vya aina 11, kila aina vitatu, ujaribu kuvipanga jozi. Kila aina inabakiza kimoja. Mgomba hukwama hapohapo, mbegu za uzazi hutoka na kasoro, na tunda hujaa nyama tupu. Ukiikata ndizi mbivu ukaangalia katikati, utaona vidoa vyeusi vidogo. Hizo ni mbegu zilizoshindwa kukua.

Seti hizo tatu zilipatikana kwa ajali ya asili huko Asia maelfu ya miaka iliyopita. Wakulima wakaona tunda tamu lisilo na mbegu, wakatenga machipukizi yake, wakayapitisha mkono kwa mkono hadi pwani yetu na milimani. Maabara haikuwepo.

Mama ndiye anayeamua mtoto awe wa kike au wa kiume. SI KWELI.

Nitakaa hapa kidogo.

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kwenye kikao cha ukoo fulani, kijiji sitakitaja. Mume alitaka kumrudisha mkewe kwao kwa sababu amezaa mabinti watano. Wazee walizungumza kwa upole, lakini maneno yao yalikuwa yameshaamua: tumbo la mwanamke yule lina kasoro. Yeye mwenyewe alikuwa amekaa mlangoni, mtoto wa mwisho mgongoni, hasemi kitu.

Niliomba mabakuli mawili na maharage. Katika bakuli la mama nikaweka maharage mekundu matupu. Katika bakuli la baba nikachanganya mekundu na meupe kwa idadi sawa. Nikawaambia: mwanamke ana kromosomu mbili za X, mwanamume ana moja ya X na moja ya Y. Meiosisi ikizigawa, kila yai la mama hupata X, kwa sababu hana kitu kingine cha kutoa. Mbegu za baba, nusu hupata X na nusu hupata Y. Haya, mzee, fumba macho uchukue punje moja kila bakuli. Mekundu mawili ni binti. Jekundu na jeupe ni mvulana.

Babu wa ukoo alichota mara kumi, kila mara akirudisha punje alizotoa. Akapata mabinti sita na wavulana wanne. Akanyamaza, kisha akaomba arudie.

Punje nyeupe hazipo katika bakuli la mama, kwa hiyo hawezi kulaumiwa kwa kutozitoa. Wala baba hana kosa, kwa sababu hachagui mbegu ipi ifike mbele. Kila mimba ni uchotaji mpya usiokumbuka ule uliopita. Kwa hesabu hiyo, katika kila familia 32 zenye watoto watano, unategemea moja iwe na mabinti watupu. Ukiwa na kijiji cha kutosha, lazima umkute mwanamke wa namna hiyo, na hajafanya lolote kustahili kurudishwa kwao.

Bibi yule alibaki kwake. Najua nyumba nyingine ambazo hazikupata mtu wa kuleta maharage.

Kila seli ya mwili hugawanyika. SI KWELI.

Seli za ngozi hugawanyika daima kufidia zinazochubuka. Seli za neva karibu zote, ukishazipata, hazigawanyiki tena. Seli nyekundu za damu zimekwenda mbali zaidi: hutupa kiini chao chote ili zipate nafasi ya kubeba oksijeni. Bila kiini hakuna cha kunakili, kwa hiyo haziwezi kugawanyika. Huishi siku 120 hivi, zikafa. Uboho ndani ya mifupa yako hutengeneza mpya kwa kasi ya takribani milioni mbili kila sekunde, yaani tangu uanze sentensi hii umeshapata mamilioni.

Hapa ndipo unapoelewa selimundu, na jina hilo la Kiswahili ni zuri kwa sababu limeuona ugonjwa wenyewe: seli iliyopinda kama mundu. Kosa la herufi moja katika vinasaba hufanya himoglobini kushikamana oksijeni inapopungua. Seli ya umbo la mundu huvunjika mapema, baada ya siku 10 hadi 20 badala ya 120, na uboho haumudu kufidia. Ndiyo maana mtoto hukosa damu na kuumwa viungo. Inakadiriwa kuwa Tanzania watoto 11,000 huzaliwa na selimundu kila mwaka, na bado kuna wazazi wanaozunguka kwa waganga wakitafuta aliyewaroga.

Hakuna aliyewaroga. Mtoto amepokea kosa lile kutoka kwa baba na kutoka kwa mama, kila mmoja mzima wa afya kwa sababu ana nakala moja tu yenye kosa. Wakikutana wawili wa namna hiyo, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kuleta mgonjwa. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwa nini kosa hili halikufutika: mwenye nakala moja huhimili malaria kuliko wenzake. Limebaki kwa wingi katika nchi za mbu, kama tambarare za Mombo na Korogwe, ambako malaria ni kali kuliko huku kwenye baridi ya mlimani.

Nywele na kucha huendelea kuota baada ya mtu kufa. SI KWELI.

Kugawanyika kunahitaji oksijeni na chakula, na moyo ukisimama vyote hukoma. Ngozi hukauka na kurudi nyuma, kucha zikaonekana ndefu. Waosha maiti wengi wameliona hili, na macho yao hayakuwadanganya. Maelezo ndiyo yaliyokosewa.

Saratani inaambukiza. SI KWELI, lakini soma hadi mwisho.

Seli yenye afya ina breki. Kabla ya kugawanyika hukagua kama vinasaba vimenakiliwa sawasawa, na ikikuta kosa lisilotengenezeka hujiua. Saratani huanza breki hizo zinapoharibika katika seli moja. Seli hiyo hugawanyika bila kuulizwa, watoto wake hurithi uharibifu uleule, na uvimbe hukua. Mwaka 1951 madaktari wa Baltimore, Marekani, walichukua seli za saratani ya mlango wa kizazi kutoka kwa Henrietta Lacks, mama Mmarekani mweusi, bila kumwomba ruhusa. Alifariki mwaka huohuo. Seli zake zinagawanyika maabara hadi leo.

Seli za uvimbe, basi, ni za mwili wa mgonjwa mwenyewe. Kwa hiyo kula na mgonjwa wa saratani, kumwogesha, kulala naye chumba kimoja, hakukupi saratani. Ninasisitiza kwa sababu nimeona mgonjwa akitengewa sahani na kikombe nyumbani kwake mwenyewe.

Dawa nazo zimezushiwa kwamba zinaua kuliko ugonjwa, eti kwa sababu zinapukutisha nywele. Nywele hupukutika kwa sababu shina lake lina seli zinazogawanyika upesi, na dawa nyingi za saratani hulenga kugawanyika kwenyewe. Mojawapo, vinkristini, hutokana na kile kiua cha rangi ya waridi au nyeupe chenye asili ya Madagaska ambacho watu wengi wamekipanda uani kama pambo. Dawa hiyo huvuruga zile nyuzi zinazovuta kromosomu, seli ikabaki imekwama katikati ya kazi na kufa. Imo katika mchanganyiko unaotibu uvimbe wa taya kwa watoto, ule ambao daktari mpasuaji Denis Burkitt aliueleza akiwa Kampala mwaka 1958, na watoto wengi waliowahi hospitali wamepona. Kiua cha uani, hata hivyo, ni sumu. Usikichemshe ukanywa.

Sasa ule mwisho nilioahidi. Saratani haiambukizi, ila kirusi kinachoweza kuisababisha kinaambukiza. Saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, karibu yote huletwa na kirusi cha HPV kinachosambaa kwa kujamiiana. Kirusi hicho huingia katika seli zinazogawanyika za mlango wa kizazi na kuzilemaza breki mbili kubwa. Miaka mingi hupita kabla uvimbe haujaonekana, na muda huo wote mabadiliko yanaweza kugunduliwa kwa kipimo rahisi: mhudumu hupaka siki nyepesi na kuangalia sehemu zinazogeuka nyeupe. Maambukizi yenyewe yanazuilika kwa chanjo, ambayo Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018.

Kuna wanaosema chanjo hiyo inafunga uzazi. Si kweli. Haigusi mayai wala kizazi. Inaufundisha mwili kukitambua kirusi kabla hakijaingia kwenye seli. Kinachoweza kumwondolea binti uzazi ni saratani yenyewe, kwa sababu tiba yake inaweza kuwa kutoa kizazi.

Mzazi mwenye binti wa miaka 9 hadi 14, iwe uko Mlalo, Mtae, Bumbuli au Lushoto mjini, mpeleke zahanati iliyo karibu nawe. Ni sindano moja, na hailipiwi.